Vibao Vyote Vimerudi

Hakuwa na saa ya mkononi, hakuwa na mkoba wa kubebea karatasi, wala hakuwa na viatu ambavyo soli zake zilielewana na ngozi. Hakuwa na cheti ila kile cha shule ya jioni, alichokipata akiwa na miaka arobaini na mbili na kukitundika sebuleni kwa fremu aliyoichonga mwenyewe. Hakujua kuogelea. Hakuwa na kazi tangu kiwanda cha matofali kifungwe, na hiyo ilikuwa miezi kumi na minne. Na asubuhi ile alipotakiwa kuanza kazi mpya, hakuwa na shati.

"Mashati unayo matatu," mkewe alimwambia.

"La kwanza halina kola. La pili ni kola tupu. La tatu mama yako analipigia deki."

Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni akichambua mchele. Tangu ahamie kwao hakuwahi kumsema mkwewe usoni, maana heshima ni heshima. Alikuwa akisema na ukuta. "Ukuta wee," akauambia, "umewahi kuona mwanamume anayelilia matambara kama bibi harusi?"

Mke akaingia chumbani, akakawia. Alipotoka alikuwa ameshika shati la buluu la mikono mirefu, limenyooshwa vizuri.

"Umelipata wapi?"

"Mitumbani. Vaa, utachelewa."

Lilimkaa kana kwamba fundi alimpima yeye. Ila mkono wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia kwa upana wa kidole, na mapindo ya mikono yote miwili yalikuwa na unyevunyevu.

"Pasi haikushika moto," mkewe alisema, akageuka kando.

*

Kazi yenyewe ilikuwa ya karatasi. Ofisi moja ya utafiti ilitaka kujua watu wangapi huumia katika michezo ya majini, na wanaichukuliaje habari ya usalama. Yeye alitakiwa kujaza fomu sitini kwa siku ishirini, kisha aandike barua ya kueleza aliyoyaona. Alipelekwa kwenye klabu ya bwawani, ambako mkewe alikuwa na kazi mwaka wa sita sasa. Hilo halikutokea kwa bahati. Meneja wa klabu ndiye aliyempendekeza.

"Mgeni huuliza hata asichotumwa," meneja alimwambia siku ya kwanza, akimshika bega. "Wewe ni mtu wa nyumbani. Ukimaliza, barua niletee mimi, nitaipeleka mwenyewe kwa gari. Usipoteze nauli yako."

Akashukuru. Baadaye, akitembea kuelekea gatini, aligundua kwamba meneja alikuwa amejifuta kiganja kwenye suruali baada ya kumshika.

Bwawa lilikuwa pana na tulivu. Zamani pale palikuwa na bonde lenye miti, na maji yalipoletwa, miti ilibaki imesimama huko chini. Siku za ukavu vilele vyake vilionekana kama vidole. Juu yake pikipiki za maji zilikata kona, na mashua zilivuta watu waliokalia maboya makubwa wakipiga mayowe ya furaha ambayo kwa mbali hayakutofautiana na mayowe mengine.

Mkewe alikaa dirishani kwenye kibanda cha mabati, nyuma yake ubao wenye misumari mia moja. Kila msumari ulikuwa na kibao cha mviringo chenye nambari, na kila nambari ilikuwa na jaketi okozi lake na kikapu chake cha nguo. Mteja huacha nguo kikapuni, huchukua jaketi, na kibao hufungwa mkononi mwake kwa uzi. Akitoka majini hurudisha kibao, nacho hutundikwa. Msumari mtupu ni mtu aliye majini. Jioni mkewe hutazama ubao, akiona umejaa huandika katika kitabu cha siku: *Vibao vyote vimerudi.* Hutia sahihi, na geti hufungwa.

Ulikuwa utaratibu mzuri, na yeye aliyependa mambo yenye utaratibu aliufurahia. Lakini wateja ni wateja. Wengi waliyavua majaketi na kuyabwaga popote, vibao vikiwa vimefungwa kwenye kamba za jaketi badala ya mkononi. Saa ya kufunga mkewe alipita gatini akiyaokota kama mama anayeokota nguo za watoto, akavirudisha vibao msumarini yeye mwenyewe. Wafanyakazi wote waliliita jambo hilo "kuujaza ubao." Hakuna aliyeona kosa.

"Shemeji Maswali!" kijana mmoja wa pikipiki za maji alimwita. Wenzake walimpa jina la Breki, kwa kuwa pikipiki ya maji haina breki na yeye hakuona upungufu. "Njoo uniandike. Lakini niandike kwa herufi kubwa."

"Umewahi kuumia katika mchezo huu?"

"Hapana."

"Na meno hayo mawili yalikwenda wapi?"

Wenzake wakaangua kicheko. "Hayo ni usukani ulinibusu," Breki alisema. "Kuumia ni kulazwa, shemeji. Haya mengine ni kuchubuka."

Hivyo ndivyo walivyomjibu wote. Mwenye sikio lililopasuka alichubuka. Mwenye mapaja yaliyochunwa na kamba alichubuka. Mwokoaji wa gatini, mwenye kidole kilichobaki nusu, alisema kile kilikuwa kirefu mno hata hivyo. Mwandishi wa fomu akaomba kitabu cha ajali. Kilikuwa kipya, mgongo wake haujavunjika, kurasa zote nyeupe.

"Kauli ya tisa," alimsomea Breki. "*Jaketi okozi ni la waoga.* Unakubali au unakataa?"

"Nakubali sana. Mimi mtu mzima akivaa jaketi kuogelea hapa gatini huwa namuuliza kama amekuja na ziwa la kunyonya pia. Wengi hulivua palepale. Kuna mmoja nilimtania, akalivua, akaenda..." Mkono wa Breki ulikwenda kwenye fomu. "Hilo la mwisho usiandike."

"Sijaandika."

"Futa."

"Hakuna cha kufuta, kijana."

Breki alimtazama kifuani, akalitazama shati, akakunja uso kama mtu anayetafuta jina la wimbo. Kisha akapanda pikipiki yake na kwenda katikati ya bwawa, akazima injini na kukaa tu.

Jioni alipokwenda kumngoja mkewe, aliona kwamba nambari za majaketi yaliyotolewa siku ile ziliruka kutoka thelathini kwenda thelathini na mbili.

"Hilo moja vipi?"

"Tumelipumzisha," mkewe alisema.

Kibao cha thelathini na moja kilikuwa kwenye msumari wake, hakijaguswa kutwa. Vingine vilikuwa vikavu. Hicho kilikuwa kinadondosha tone moja, likakaa, kisha jingine. Mkewe alikifuta kwa kanga bila kukitazama, kama mtu anavyomfuta mtoto makamasi huku anazungumza mengine.

Mumewe alitazama juu. Bati halikuwa na tundu, na mvua haikuwa imenyesha kwa wiki tano.

*

Shati lilifuliwa kila siku na kuanikwa kwenye jua la kupasua mawe. Kila siku alilivaa mapindo ya mikono yakiwa na maji. Hakuuliza. Mtu aliyekaa bila kazi miezi kumi na minne hujifunza kutouliza asali imetoka mzinga gani.

"Ukuta wee," mama mkwe alisema siku ya kumi, "humu ndani kuna mtu ametoka kuoga na hajajifuta. Naisikia harufu ya matope. Juzi kiti kilikuwa kimelowa, leo kimelowa. Mimi ni mzee, lakini sijafika huko, ukuta, usinitazame hivyo."

"Mama, ni mimi nilimwaga maji," mke alisema.

"Sikukuuliza wewe. Nazungumza na mwenzangu."

Mke akacheka, na mumewe akacheka, na kicheko kikaisha kwa wote wawili wakati mmoja. Alimwangalia mkewe akipakua chakula. Alipanga sahani nne. Akazihesabu moja moja kwa kidole, midomo ikicheza, akairudisha moja kabatini. Alifanya hivyo kila siku, na mumewe aliwahi kudhani ni uchovu.

*

Siku ya kumi na saba alikuwa na fomu hamsini na nane. Saa tisa alasiri mlinzi wa getini alimjia akiongozana na mwanamke mfupi, mtu aliyepita umri wa makamo, mwenye tepu ya kupimia shingoni kama fundi aliyeiacha cherehani katikati ya mshono.

"Huyu huwa hatumruhusu," mlinzi alinong'ona. "Amri ya meneja. Lakini leo amesema amekuja kujibu maswali, nami maswali sikupewa amri nayo."

Mwanamke akaketi kwenye benchi. "Wewe ndiye unayeandika walioumia?"

"Ndiyo, mama."

"Niandike."

"Unaogelea?"

"Mimi sijaingia kwenye maji yanayozidi beseni, baba. Namjibia mwanangu."

"Fomu hujazwa na mhusika mwenyewe, mama. Ndivyo walivyotuelekeza."

"Mhusika hayupo. Ndiyo maana nimekuja mimi."

Alifungua kalamu. Hakujua afanye nini kingine. "Umri wake?"

"Ishirini na tatu. Anafikisha ishirini na nne mwezi ujao, kama huko wanahesabu."

"Alikuja klabu hii mara ngapi?"

"Mara moja. Miezi saba iliyopita. Alipokea mshahara wake wa kwanza akasema atakwenda kuona maji."

"Aliwahi kuumia akiwa..."

"Hilo ndilo nimekuja kukuuliza wewe." Alisema bila ukali. "Polisi walionyeshwa kitabu. Vibao vyote vimerudi, kuna sahihi. Meneja akaniambia, mwanao ametoka getini mzima, kijana mwenye pesa mfukoni, nenda kamtafute kwa wanawake. Walicheka. Nami nikacheka, baba, maana nilitaka iwe hivyo. Mpaka leo mlango wangu siutii komeo. Nikitia komeo nitakuwa nimemfungia nje. Nisipotia, nalala jicho moja. Nataka karatasi moja tu inayosema hakutoka. Nikiipata nitafunga mlango wangu."

Macho yake yalikuwa yameshuka kwenye mkono wa kushoto wa yule mwandishi, ulioshika ubao wa kuandikia. Ulikuwa mfupi kwa upana wa kidole, na pindo lake lilikuwa limelowa, na tone lilikuwa limeanguka kwenye swali la nne na kuuvuruga wino.

"Alivunjika mkono akiwa na miaka sita," mwanamke alisema polepole. "Ukaunga vibaya, ukawa mfupi kidogo. Mashati ya dukani yalikuwa yakimfunika kidole. Kwa hiyo nikawa namshonea mwenyewe."

Pale bwawani mashua ilipita, na watu walipiga mayowe.

"Mama," alisema, na mkono ukaenda kwenye kifungo cha juu.

"Usilivue hapa. Watu watatutazama." Alinyoosha kidole, akagusa pindo la ule mkono, akalipapasa kwa ndani kama fundi anayekagua kazi ya jana. "Limekukaa vizuri. Niambie kitu kimoja tu. Ulipolipata, suruali ilikuwepo?"

Akasema ukweli: "Sijui, mama. Nitauliza."

Alipoinuka kwenda dirishani, aliona mkewe amesimama mbele ya ubao, amewapa mgongo. Alikuwa akikifuta kibao cha thelathini na moja, na akikifuta, na akikifuta.

*

Nyumbani alilivua shati na kulilaza mezani, akaeleza kwa ufupi habari za yule mama na mlango wake usiotiwa komeo. Akabaki na fulana yenye matobo. Jua la jioni lilikuwa bado limo dirishani. Mama mkwe aliinua kichwa, akaona uso wa bintiye, akaacha kuchambua.

Mume alitoa fomu ya sitini. Hakuweza kumuuliza kama mume anavyomuuliza mke. Alijaribu njiani, na kila sentensi ilimtoka kama tusi. Lakini fomu alikwisha kuizoea.

"Swali la kwanza. Kazi yako?"

"Unajua kazi yangu, baba."

"Najaza fomu. Kazi yako?"

Mke alivuta kiti, akakipapasa kwanza kwa kiganja kuona kama kimelowa, akaketi. "Mtunza vibao."

"Swali la sita. Umewahi kushuhudia ajali ambayo haikuandikwa?"

Mke akashika fundo la kanga yake.

"Sikuishuhudia," alisema. "Ndilo linaloniua. Ningeishuhudia ningepiga kelele. Jaketi lilikuwa limebwagwa gatini, kibao kimefungwa kwenye kamba. Nikaliokota kama ninavyoyaokota yote. Nikakitundika. Ubao ukajaa. Nikaandika, nikatia sahihi, tukafunga. Na yeye alikuwa bado huko. Pengine alituona tunaondoka. Pengine alituita."

Mumewe aliandika.

"Ulijua lini?"

"Asubuhi yake. Kikapu cha thelathini na moja kilikuwa na shati, suruali na kandambili. Mtu hatoki getini bila suruali. Nikampelekea meneja. Akasema, 'Kikapu hiki mimi sijakiona, na wewe hujakiona, na sahihi ni ya nani?' Akaniambia nikazitupe."

"Hukuzitupa."

"Suruali na kandambili nilizitupa. Zikaninyima usingizi. Shati..." Aliligusa. "Ni kazi ya mikono ya mtu hii. Tazama pindo. Ningelitupaje? Nikalificha sandukuni. Likalowesha nguo zote. Nimelifua sijui mara ngapi, halikauki. Siku ile ulipokosa shati nikasema, labda likivaliwa na mtu mwenye damu ya moto, litakauka."

"Ukanivisha mimi maiti."

"Nilikuvisha shati. Hukuwa nalo."

Hilo lilimkaa. Alitazama cheti chake ukutani, kikiwa na jina lake kwa herufi za mapambo, na akafikiri jinsi alivyojivunia siku zile kumi na saba, akitembea na kalamu kifuani, mikono ikidondosha.

"Nikiandika haya, kazi yako imekwisha," alisema. "Na si kazi tu. Sahihi ni yako. Wanaweza kukuchukua."

"Najua."

"Na nisipoandika, meneja amesema kuna kazi nyingine kama hii mwezi ujao. Amesema mimi ni mtu wa nyumbani."

Mama mkwe akaweka ungo chini. Alisimama kwa taabu, akapita mbele ya ukuta wake bila kuusemesha, akaja mezani, akamtazama mkwewe machoni. Katika miaka yote haikuwahi kutokea, na mkwe alishtuka kuona kwamba macho ya mama huyu yalikuwa ya rangi ya hudhurungi, kama ya mkewe.

"Andika, mwanangu," alisema. "Kuna mwanamke amelala mlango wazi."

Mke alichukua kalamu mkononi mwa mumewe. Mahali pa sahihi ya mhojiwa, ambapo wengine wote waliweka mkwaruzo tu, aliandika jina lake lote taratibu. Kisha akaingiza mkono kwenye fundo la kanga, akatoa kibao cha mviringo, akakiweka juu ya fomu. Maji yakatandaa kuzunguka nambari.

*

Aliandika barua kesho yake, akairudia mara mbili ili pasiwe na neno lililofutwa. Alieleza kwamba kati ya watu sitini, arobaini na mmoja walikuwa wameumia na wakaita kuchubuka. Kitabu cha ajali kilikuwa kitupu kwa sababu hakuna aliyewahi kukifungua. Watu wazima walivua majaketi kwa kuogopa kuchekwa kuliko kuogopa maji, na waliowacheka ni wale waliolipwa kuwalinda. Ubao uliojaa haukuonyesha kwamba watu wamerudi. Ulionyesha kwamba vibao vimerudi. Kisha akaandika habari za thelathini na moja, yote, na neno la meneja kama lilivyosemwa. Mwisho akaongeza: *Mtunza vibao ni mke wangu. Nami nimefanya kazi yenu nikiwa nimevaa shati la marehemu. Mtapima wenyewe ushahidi wangu una uzito gani.* Nakala moja, kwa mwandiko uleule, aliikunja kwa ajili ya fundi cherehani.

Shati walilianika asubuhi. Kufikia saa nne lilikuwa limekauka, mapindo na yote, jepesi kama jani. Mama mkwe alilikunja, akalifunga kwa kitambaa kisafi, akalipakata kama mtoto mchanga. "Nitalipeleka mimi pamoja na karatasi yake," alisema. "Nyinyi nendeni posta kabla hamjaanza kuwa na akili."

Mume alivaa shati lile lisilo na kola. Njiani meneja alipiga simu mara tatu, na mara tatu mkewe aliiacha iite mfukoni.

Posta walisimama pembeni, kwenye meza yenye kalamu iliyofungwa mnyororo. Alitia barua ndani ya bahasha ya kaki, akatia fomu sitini, na mkewe akatia kibao. Akainua bahasha mdomoni, akalamba gundi. Haikuwa na ladha ya gundi. Ilikuwa na ladha ya matope na majani ya zamani, ya kitu kilichokaa chini muda mrefu. Akameza mate, akaifunga, akaikandamiza kwa kiganja mpaka mwisho.

Karani wa dirishani aliipokea, akaiweka kwenye mizani, akaiinua tena na kuvitazama vidole vyake.

"Mzee, bahasha yako imelowa huku chini. Kuna nini humu?"

Alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa akitazama mizani, midomo yake haihesabu chochote.

"Majibu," alisema.

Karani akatikisa kichwa, akabandika stempu, akagonga muhuri mara mbili, na kuitupa bahasha ndani ya gunia nyuma yake.